Kubanwa: Historia Fupi ya Dawa za Kibofu Kisichotulia

Katika toleo hili tumeamua kuandika historia ya jambo ambalo watu wengi hulitaja kwa kunong'ona, yaani mkojo. Hasa tunataka kueleza jinsi madaktari walivyojaribu dawa, sumu, pilipili na umeme ili kumsaidia mtu ambaye kibofu chake hakimpi nafasi ya kupumua.

Tuna sababu mbili za kuchagua mada hii. Ya kwanza ni mji wetu. Hapa Minneapolis na Saint Paul kila mtoto wa shule husikia habari za mashine ya kusukuma mapigo ya moyo iliyotengenezwa hapa mwaka 1957. Wachache husikia kwamba sehemu kubwa ya historia ya tiba ya kibofu imepita hapa hapa, katika chuo kikuu chetu na katika kampuni za Minnetonka na vitongoji vya jirani.

Sababu ya pili ni kazi za wazazi wetu. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi Brooklyn Park, Brooklyn Center na kwingineko hapa mjini hufanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Mama na shangazi zetu ndio wanaobadilisha shuka saa tisa za usiku. Wanajua kibofu cha mzee wa Kimarekani kuliko watoto wake wanavyokijua. Lakini bibi wa nyumbani kwetu akianza kukataa safari za mbali, au akichagua kiti cha mlangoni kila anapokwenda harusini, hatuulizi. Tunasema ni uzee.

Hoja yetu ni kwamba historia hii haikusukumwa na wanasayansi peke yao. Ilisogea pia kila mara wagonjwa walipopata namna ya kusema wanavyojisikia, na anayenyamaza mara nyingi hubaki na dawa ya zamani.

Neno tulilo nalo tayari

"Nimebanwa." Kila anayezungumza Kiswahili anajua maana yake bila kuelezwa. Tazameni kitenzi chenyewe: kiko katika kauli ya kutendwa. Mtu habani, anabanwa. Kuna kitu ndani yake kinachomshika kwa nguvu na hakingoji.

Madaktari walichelewa kukubaliana juu ya jambo hilo. Kwa miaka mingi walisema juu ya kibofu chenye mikazo, wakimaanisha kile walichokiona kwenye vipimo: msuli wa kibofu unajikaza kabla ya wakati wake. Ili kuliona hilo ilibidi mgonjwa aingizwe mpira na kujazwa maji. Mwaka 2002 chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hii, ICS, kilitoa maelezo yanayoanzia kwa mgonjwa mwenyewe. Kilisema ugonjwa huu ni hali ya kubanwa ghafla, mara nyingi pamoja na kukojoa mara kwa mara mchana na kuamka usiku, mkojo ukivuja au usivuje, bila maambukizi wala sababu nyingine inayoonekana. Kwa maneno mengine, waliweka neno letu "kubanwa" katikati.

Kwa Kiingereza huitwa kibofu chenye shughuli nyingi kupita kiasi. Sisi tunapendekeza "kibofu kisichotulia", maana ndivyo kilivyo. Kibofu ni mfuko wa msuli unaobeba takriban nusu lita. Kazi yake kubwa ni kutulia na kungoja. Kikishindwa kungoja, humwita mwenyewe kwa haraka kikiwa na mkojo kidogo tu.

Ni kweli kwamba Kiswahili kina adabu nyingi hapa. Tunasema "haja ndogo", "kujisaidia", "kwenda msalani". Tunalo pia neno kali, "kikojozi", ambalo mtoto akiitwa mbele ya wenzake hulia. Lakini si kweli kwamba utamaduni wetu umenyamaza siku zote. Katika darasa za fiqhi za pwani, mtu asiyeweza kuzuia mkojo ana mlango wake na jina lake, salasul-bauli. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, mtu huyo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha huswali bila kuchelewa. Hakemewi wala hachekwi. Anatambuliwa kuwa na udhuru na kuelekezwa la kufanya. Basi aibu tunayoiona leo si lazima tuirithi kama ilivyo.

Mnanaha na binamu zake

Dawa za kwanza za kibofu zilitoka katika mimea, na mmoja wa ukoo huo tunaujua. Pwani huitwa mnanaha. Una maua kama tarumbeta na matunda yenye miiba, na kila mzee atakwambia usiuguse, kwa sababu mbegu zake humchanganya mtu akili. Binamu yake wa Ulaya ni beladona, jina ambalo kwa Kiitalia maana yake ni mwanamke mrembo. Inasemekana wanawake walitia maji yake machoni ili mboni zipanuke wapendeze.

Mimea yote miwili ina atropini, ambayo wakemia wa Ujerumani waliitenga katika miaka ya 1830. Aliyekula atropini hukauka mdomo, mboni zake hupanuka, moyo hupiga mbio, tumbo hufunga, mkojo hukataa kutoka, na akili huvurugika. Madaktari waliona hapo, katikati ya orodha ya balaa, kitu cha kufaa: mkojo hukataa kutoka.

Sababu yake ilijulikana baadaye. Mwaka 1921 Otto Loewi, akifanya kazi Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua neva wa moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Kisha alichukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayamiminia moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo. Hivyo akaonyesha kwamba neva huzungumza na msuli kwa kemikali. Kemikali hiyo ni asetilikolini, na ndiyo pia inayokiamuru kibofu kijikaze. Atropini huziba masikio ya msuli usisikie amri.

Tatizo ni kwamba amri hiyo hiyo hupelekwa mdomoni, machoni, tumboni na kwenye ubongo. Ukiziba masikio ya kibofu kwa dawa inayozunguka mwili mzima, unaziba na ya wengine. Tafadhali mlikumbuke hili, maana litarudi.

Umeme wa Minneapolis

Wakati wengine wakitafuta vidonge, mji wetu ulikuwa unatafuta waya. Mwaka 1949 Earl Bakken na shemeji yake Palmer Hermundslie walianzisha Medtronic katika gereji ya Northeast Minneapolis, kazi yao ikiwa kutengeneza vifaa vya hospitali. Mwaka 1957 umeme ulikatika mjini. Mashine za moyo za wakati ule zilitegemea umeme wa ukutani, na daktari wa upasuaji wa chuo kikuu chetu, C. Walton Lillehei, akamwomba Bakken atengeneze inayotumia betri. Ikapatikana mashine ndogo ambayo mgonjwa angeweza kuivaa.

Kama umeme unaweza kuufundisha moyo, kwa nini usikifundishe kibofu? Swali hilo lilimshughulisha William Bradley, mtaalamu wa neva wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Pamoja na wapasuaji wa ubongo na neva Shelley Chou, mzaliwa wa China, na Lyle French, alichapisha mwaka 1963 habari za kifaa kilichopandikizwa mwilini na kupokea mawimbi ya redio kutoka nje, kisha kupeleka umeme kwenye kibofu.

Walitaka kuwasaidia watu waliovunjika uti wa mgongo, ambao kibofu chao kilikuwa kimekufa ganzi. Yaani walitaka kibofu kijikaze, si kitulie. Njia ile haikuenea. Kukichoma umeme kibofu chenyewe kulileta maumivu, na msuli wa jirani wa kuzuia mkojo nao ulijikaza. Hata hivyo Bradley alitoka na somo kubwa. Kibofu si mfuko tu, kimeunganishwa na uti wa mgongo na ubongo kwa mizunguko ya neva, na ukitaka kukielewa lazima uijue mizunguko hiyo. Baadaye yeye na mhandisi Gerald Timm walishirikiana na daktari F. Brantley Scott wa Texas kutengeneza mkanda wa kupandikizwa unaobana njia ya mkojo kwa mtu ambaye msuli wake wa kuzuia umeharibika. Kutokana na kazi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikazaliwa kampuni ya American Medical Systems, iliyokaa Minnetonka. Mkanda ule si dawa ya kubanwa. Ni dawa ya kuvuja. Lakini uliufanya mji huu kuwa mahali ambapo wahandisi na madaktari wa mkojo walikaa meza moja.

Vidonge vilivyotafuta kazi

Turudi kwenye vidonge. Ajabu ya historia hii ni kwamba dawa nyingi za kibofu hazikutengenezewa kibofu.

Oksibutinini ilitengenezwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya tumbo linalosokota. Mwaka 1975 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kwa kibofu. Inafanya kazi kwa njia ile ile ya atropini, na madhara yake ni ya ukoo ule ule: mdomo mkavu, choo kigumu, macho yasiyoona vizuri karibu. Wagonjwa wengi waliacha kuimeza. Fikirini mtu anayekunywa maji kila dakika kwa sababu dawa ya kuzuia mkojo imemkausha mdomo.

Terodilini ilianzia Sweden kama dawa ya maumivu ya kifua. Wagonjwa wa moyo walioitumia walichelewa kukojoa, na hilo likawapa watu wazo. Katika miaka ya 1980 ikauzwa Uingereza kama dawa ya kibofu. Kisha zikaja taarifa za mapigo ya moyo yaliyovurugika kwa namna ya hatari, hasa kwa wazee, na mwaka 1991 ikaondolewa sokoni. Dawa iliyoahidi usingizi wa usiku mmoja iligusa moyo. Tangu hapo, dawa mpya za kibofu huchunguzwa kwa makini zinavyogusa mapigo ya moyo.

Tolterodini, iliyotoka pia Sweden, ilitengenezwa ikikilenga kibofu tangu mwanzo, na ikaruhusiwa Marekani mwaka 1998. Ilikausha mdomo kidogo kuliko oksibutinini. Mwaka 2004 zikafuata nyingine tatu, trospiamu, solifenasini na darifenasini. Zote ni wajukuu wa beladona.

Jina na biashara

Mwaka 1997, kabla tu ya tolterodini kuingia Marekani, madaktari Paul Abrams wa Uingereza na Alan Wein wa Marekani waliandaa mkutano London, na jina jipya la ugonjwa likaanza kuenea. Muda si mrefu matangazo ya televisheni ya Marekani yakajaa watu wanaokimbilia choo. Uchunguzi uliolipiwa na kampuni ya dawa na kuchapishwa mwaka 2003, baada ya kuwahoji watu 5,204, ulikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita nchini ana dalili hizi, wanaume kwa wanawake karibu sawasawa.

Wapo waliolalamika kwamba kampuni ziliupa jina ugonjwa ili ziuze dawa. Lalamiko hilo lina uzito, maana si kila anayekojoa mara nyingi ni mgonjwa, na chai ya maziwa vikombe vitatu kabla ya kulala haihitaji kidonge. Hata hivyo tuliposoma habari hii tuliona upande wa pili pia. Kabla ya jina hilo, mwanamke aliyekwenda kwa daktari alilazimika kusema "navuja" au "siwezi kujizuia". Baada ya jina, aliweza kutaja hali ya kibofu chake bila kujitukana. Jina liliuza dawa, na jina hilo hilo likafungua midomo.

Pilipili na sumu ya soseji

Wakati vidonge vikiuzwa, watafiti walikuwa wakijaribu njia nyingine: kuipeleka dawa ndani ya kibofu chenyewe, isizunguke mwilini.

La kwanza litamfurahisha kila mpishi. Mwaka 1992 Clare Fowler na wenzake wa London waliandika kuhusu kutia kapsaisini, ule ukali wa pilipili, ndani ya vibofu vya watu wenye magonjwa ya neva. Wazo lao si la kichaa. Ukila pilipili kila siku ulimi huzoea, kwa sababu neva zinazopokea ukali huchoka na kunyamaza. Vivyo hivyo neva zinazokibana kibofu zinaweza kuchoshwa. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya miezi. Lakini kabla neva hazijachoka huwaka, na mtakisia wenyewe maumivu yake. Ikajaribiwa pia resiniferatoksini, kutoka utomvu wa mmea wa Morocco unaofanana na kakati, ambayo huwasha kidogo na kunyamazisha zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyoruhusiwa na FDA kwa kibofu.

La pili ni sumu. Mapema katika karne ya 19, watu wa Württemberg, Ujerumani, walikuwa wakifa kwa kula soseji zilizoharibika. Daktari Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, aliichunguza sumu hiyo na hata kuionja mwenyewe. Aliona kwamba hukata mawasiliano kati ya neva na msuli, akaandika kwamba kiasi kidogo sana huenda kikawa dawa. Wazo lake lilingoja zaidi ya miaka 150. Alan Scott wa San Francisco aliitumia kunyoosha macho ya makengeza, akipata sumu iliyosafishwa na Edward Schantz, ambaye baadaye alifanya kazi hiyo Madison, Wisconsin, kwa jirani zetu. FDA iliiruhusu kwa macho mwaka 1989. Leo wengi huijua kwa jina la Botox na hudhani ni ya kuondoa makunyanzi tu.

Mnamo mwaka 2000 Brigitte Schurch na wenzake wa Uswisi walichapisha habari za kuidunga katika kibofu cha watu waliovunjika uti wa mgongo. FDA iliiruhusu kwa watu wa aina hiyo mwaka 2011, na kwa kibofu kisichotulia cha kawaida mwaka 2013. Daktari hupitisha kamera kwenye njia ya mkojo na kudunga kipimo cha 100 katika sehemu 20 za msuli. Nafuu hudumu miezi kadhaa, kisha hurudiwa. Hatari yake ni kwamba kibofu kinaweza kutulia kupita kiasi, na mgonjwa akahitaji mpira wa mkojo kwa muda.

Umeme unarudi

Somo la Bradley halikupotea. San Francisco, Emil Tanagho, daktari mzaliwa wa Misri, na mwenzake Richard Schmidt waliacha kukichoma kibofu chenyewe wakaufuata mzizi wa neva unapotoka kwenye mfupa wa kiuno, juu kidogo ya kitokono. Umeme hafifu hapo haukikazi kibofu. Husawazisha mazungumzo kati yake na ubongo. Medtronic ya Minneapolis ilikichukua kifaa hicho, kikaitwa InterStim, na mwaka 1997 FDA ikakiruhusu kwa watu wanaovuja kwa kubanwa. Mwaka ule ule jina jipya likizaliwa London, mji wetu ulitoa tiba isiyo kidonge.

Kampuni nyingine, Uroplasty ya Minnetonka, ilieneza njia nyepesi zaidi: sindano nyembamba karibu na kifundo cha mguu, nusu saa kwa wiki, kwa wiki 12, kwa sababu neva wa pale hushiriki mzizi mmoja na neva za kibofu. Watu walicheka: mguu na mkojo wapi na wapi? Basi watafiti wakawachukua watu 220, nusu wakapewa tiba halisi na nusu tiba ya kuigiza, bila kujua wako upande gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliosema wamepata nafuu ya kweli walikuwa asilimia 54.5 upande wa tiba na asilimia 20.9 upande wa maigizo.

Hiyo namba ya pili tuitazame vizuri. Mtu mmoja kati ya watano alipata nafuu bila tiba. Katika majaribio ya dawa za kibofu ni kawaida kidonge kitupu kuonyesha nafuu. Sababu moja ni kwamba kila mgonjwa hupewa daftari la kuandika: umekunywa nini, umekojoa saa ngapi, umebanwa kiasi gani. Anayeandika huanza kujijua. Kuandika na kuulizwa peke yake ni sehemu ya tiba.

Mwaka 2016 sumu na umeme vilishindanishwa katika jarida la JAMA, kwa wanawake ambao vidonge havikuwafaa. Waliodungwa Botox walipunguza wastani wa mara 3.9 za kuvuja kwa siku, waliowekewa InterStim mara 3.3. Tofauti ilikuwa ndogo, na Botox ilileta maambukizi zaidi ya njia ya mkojo. Kwa hiyo ni mgonjwa mwenyewe anayepaswa kuchagua, na ili achague lazima aelezwe.

Akili za wazee

Tulisema mnanaha utarudi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, wakiongozwa na Shelly Gray, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 3,434 kwa wastani wa miaka saba na zaidi. Waliotumia kwa wingi na kwa miaka dawa zinazozuia asetilikolini, zikiwemo za kibofu za aina ya oksibutinini, walipata ugonjwa wa kusahau zaidi kuliko wasiozitumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Lakini wataalamu wa wazee wa Marekani walikuwa wakionya tangu mapema kwamba dawa hizi zinaweza kuwachanganya wazee, na mwongozo wa madaktari wa mkojo wa mwaka 2024 unasema mgonjwa aambiwe juu ya hatari hii. Wazee wa pwani waliokataza mnanaha walikuwa wameliona jambo la kweli.

Kwa bahati, kuna ukoo mwingine wa dawa. Mirabegroni ilianza kuchunguzwa kama dawa ya kisukari, ikaonekana hulegeza msuli wa kibofu kwa mlango tofauti kabisa, na ikaruhusiwa Marekani mwaka 2012. Ndugu yake vibegroni ilifuata Desemba 2020. Hizi hazizuii asetilikolini. Mirabegroni inaweza kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo nayo ina masharti yake. Na bado majaribio yanaendelea: New York, Arnold Melman na George Christ walianzisha wazo la kudunga kipande cha jeni kinachoufundisha msuli kulegea, na limeshajaribiwa kwa wanawake, ingawa si dawa ya dukani.

Tatizo ni bei. Mara nyingi kampuni za bima hutaka mgonjwa aanze na kidonge cha zamani cha bei nafuu kabla ya kulipia kipya. Anayejua kueleza madhara na kudai kingine husogea mbele. Anayetikisa kichwa na kusema "nashukuru daktari" hubaki na ukoo wa mnanaha kwa miaka.

Nani anayejaribiwa?

Dawa hujaribiwa kwa watu waliokubali. Watu weusi wa Marekani wana sababu ya kusita. Kati ya mwaka 1932 na 1972, huko Tuskegee, Alabama, wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa bila kutibiwa. Wanawake nao waliachwa nje kwa njia nyingine: mwaka 1977 FDA ilielekeza kwamba wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo, na maelekezo hayo yakabadilishwa mwaka 1993, mwaka ambao sheria iliagiza utafiti unaolipiwa na taasisi za afya za taifa uwahusishe wanawake na watu wa jamii ndogo.

Kwetu kuna mlango mwingine uliofungwa, nao ni lugha. Lile daftari la mkojo ni la kuandika. Maswali kuhusu kubanwa yanataka jibu la kupima: kidogo, kiasi, sana. Mara nyingi asiyesoma Kiingereza haingizwi katika jaribio. Matokeo yake, dawa anayopewa bibi hapa haikujaribiwa kwa mtu anayefanana naye.

Hapa tena mji wetu una nafasi. Mwaka 2015 taasisi ya taifa ya magonjwa ya figo iliunda mtandao wa utafiti uitwao PLUS, unaouliza jinsi wasichana na wanawake wanavyoweza kubaki na kibofu chenye afya kabla ya kuugua, na kituo chake cha takwimu na uratibu kiko Chuo Kikuu cha Minnesota.

Tufanye nini?

Sisi si madaktari, na dawa isiachwe ghafla kwa sababu ya makala ya wanafunzi. Lakini historia hii inatupa maswali ambayo kila mjukuu anaweza kwenda nayo hospitalini. Dawa hii ni ya ukoo unaozuia asetilikolini? Je, inaongezeka juu ya nyingine za aina hiyo, kwa mfano dawa za mafua na usingizi? Kuna nyingine? Tunaweza kuanza na mazoezi ya nyonga na kukizoeza kibofu kungoja kidogo kidogo, ambayo hayana madhara? Na tumkumbushe bibi kwamba hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani ina wajibu wa kumpatia mkalimani, wajibu unaotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ili mjukuu wa kiume asilazimike kutafsiri mambo ya msalani na wote wawili wakaishia kudanganya.

Kazi iliyobaki ni ya klabu kama yetu. Mkalimani naye anahitaji maneno. Tumependekeza "kibofu kisichotulia", na "kubanwa" tumeliacha lilivyo, maana halina mpinzani. Kwenu Mombasa, Kigoma, Bukavu au Muscat husemaje kwa heshima kwamba mtu mzima anavuja? Waulizeni walio nyumbani, mtuletee maneno yao kwenye mkutano ujao tuyaandike. Na mkianza na swali hilo, huenda bibi akajibu zaidi ya mlichouliza.